Elihuruma Ndosi, Aliyelisha Seli na Kufundisha Kwaya

“Basi mpe wewe mwenyewe, Baba Tumpe! Mkono wangu hautampa mtoto dawa ambayo kazini naishika kwa glavu mbili!”

“Hizo glavu ni kwa ajili yako wewe usiyeumwa, Mama Tumpe. Mtoto anaumwa.”

“Ni dawa ya saratani. Shekinah ana saratani?”

“Hana.”

“Haya. Umejijibu.”

“Sijajijibu, umenikatiza. Miaka ishirini na nane unanikatiza.”

“Na miaka ishirini na nane hujawahi kumaliza jambo kwa kifupi!”

Wapendwa waombolezaji, maneno hayo marehemu na mkewe waliyasema jikoni nyumbani kwao, Burnsville, Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, na mjane wake, Mama Victoria, ndiye aliyetaka historia ya mumewe ianzie hapo, kwa sababu alisema kwamba historia ikianza na tarehe ya kuzaliwa watu huanza kupapasa funguo za magari mifukoni, na kwamba ugomvi ule ndio uliomwonyesha mume aliyekuwa naye. Familia ilikubali, na sasa tunarudi mwanzo kama ilivyo desturi.

Marehemu Elihuruma Ndelilio Ndosi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Machame, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Ndelilio Ndosi na Bibi Aikande, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa mwezi wa tano mwaka huo huo, na mama yake alikuwa akisema kwamba siku ya ubatizo hakulia kwa maji bali alilia kwaya iliponyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974 na kumaliza mwaka 1980, akaendelea na masomo ya sekondari hadi kidato cha nne, alichomaliza mwaka 1984, na alitamani sana kuendelea na kidato cha tano lakini baba yake aliugua mwaka huo, kwa hiyo akakaa nyumbani miaka miwili akihudumia ng'ombe na mgonjwa. Mwaka 1986 alipata nafasi katika chuo cha mafundi sanifu wa maabara mjini Moshi, akahitimu mwaka 1988, na kuanzia Januari 1989 alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akipima damu, mkojo na makohozi kwa miaka kumi bila kupoteza sampuli ya mtu hata moja.

Katika maabara hiyo ndipo alipokutana na muuguzi kijana kutoka Tukuyu, Victoria Mwakyusa, ambaye mwandiko wake ulikuwa mbaya kiasi kwamba marehemu alimrudishia chupa zake za damu mara tatu kwa siku moja, na mara ya nne Victoria alikwenda mwenyewe dirishani kumuuliza kama ana shida ya macho au ya roho. Walifunga ndoa takatifu tarehe 16 Desemba 1995, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Tumpe, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1997 na kupewa jina la bibi yake mzaa mama.

Mwezi wa nane mwaka 1999 marehemu alivuka bahari kuja Saint Paul kusoma, kwa msaada wa usharika uliokuwa na urafiki na dayosisi ya nyumbani, na mkewe na mtoto wakamfuata Julai 2001. Mama Victoria alipata kazi ya uuguzi katika hospitali moja huko Maplewood, katika wodi ya wagonjwa wa saratani, na marehemu, Jumatatu tarehe 4 Februari 2002, aliajiriwa katika maabara ya utafiti ya chuo kikuu, Minneapolis, ambako alifanya kazi moja kwa miaka ishirini na tatu, yaani kulisha seli.

Wengi hapa mlimsikia akisema hivyo mkadhani anatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Seli zinazofugwa maabara huishi ndani ya visahani vyenye maji ya rangi ya waridi, katika joto la mwili wa binadamu, na kila baada ya siku mbili mtu lazima ayatoe maji yaliyochoka na kuweka mapya, iwe Krismasi, iwe Pasaka, iwe siku ya kuzaliwa ya mke. Desemba 2010, redio ilipotangaza kwamba theluji itafunga barabara, marehemu aliondoka Ijumaa mchana na chupa ya chai na ugali kwenye kopo, akakaa na seli zake mpaka Jumapili, na aliporudi Mama Victoria alimuuliza kama wakwe zake hawajambo.

Alichokuwa akichunguza Profesa wake, na ambacho marehemu alikipenda kuliko mshahara, ni swali ambalo hata mtoto anaweza kuliuliza: kama seli ya ini na seli ya jicho zimebeba maandishi yale yale ya urithi, jeni zile zile bila kupungua hata moja, inakuwaje ini lisitengeneze jicho, na jicho lisitoe nyongo, nani anayeiambia kila seli isome wapi na inyamaze wapi. Marehemu hakuwa daktari wala profesa, na hakupenda mtu amwite hivyo, lakini Profesa amesema kwa kinywa chake, na yupo hapa leo, kwamba watafiti wapya wote waliopita pale walipelekwa kwanza kwa Elihuruma wakajifunze subira.

Kwa upande wa kanisa, marehemu alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu wa Kiswahili tangu mwaka 2004, akiwaunganisha Watanzania na Wakenya katika sauti nne, na yeye ndiye aliyepanga namba za nyimbo kwenye ubao wa ukutani kila kabla ya ibada. Hapa familia inaomba radhi kwa Griffins na Nkatha, ambao wameturuhusu tulitaje jambo hili. Siku ya harusi yao, Jumamosi tarehe 8 Juni 2013, marehemu alikuwa na vikaratasi viwili mfukoni, kimoja cha nyimbo za harusi na kingine cha namba za visahani alivyotoka kuvilisha asubuhi, akapanga ubaoni namba za visahani, kisha akakimbia kuwapanga wanakwaya nje. Dada Serah Wairimu, mpiga kinanda, alifuata ubao kama alivyofundishwa, na bibi harusi akaingia kwa wimbo wa kusindikiza jeneza kaburini. Sisi Walutheri tukiona namba ubaoni tunaimba, na watu waliimba, beti zote sita.

“Mwalimu, hii ni harusi ama tumefiwa?” Griffins aliuliza kule mbele, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

“Imba tu, mwanangu,” Mchungaji Zadock alimjibu. “Ubao umesema.”

Ndoa hiyo ina miaka kumi na miwili na watoto watatu, na haijawahi kutetereka, na marehemu alikuwa akijidai kwamba ni kwa sababu walianza na kifo wakakimaliza.

Mwaka 2019 ulikuwa mgumu. Dada yake mdogo, Elisifa, alifariki Moshi tarehe 22 Mei, akamwacha binti mmoja, Shekinah, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, na marehemu pamoja na Mama Victoria wakamleta Burnsville mwezi wa kumi na moja wakamfanya mtoto wao. Shekinah, ambaye ndiye aliyeiandika historia hii, alikuja na sanduku moja na ugonjwa wa selimundu, ambao nyumbani waliuita mifupa, baridi, au kuumwaumwa tu, kila jina isipokuwa lenyewe. Daktari wa kwanza aliyemwona huku alitaja dawa iitwayo haidroksiurea, Mama Victoria akasema hapana, marehemu akanyamaza, na dawa haikutajwa tena nyumbani kwa zaidi ya miaka minne.

Katika miaka hiyo Shekinah alilazwa mara nyingi, mwaka 2023 peke yake mara saba, maumivu yakiingia miguuni na mgongoni na kifuani, na Januari 2024, akiwa darasa la kumi, aliacha shule, kwa sababu siku alizokosa zilikuwa nyingi kuliko alizohudhuria. Jambo hilo lilimkata marehemu maini. Yeye mwenyewe alijua maana ya kukaa nyumbani wenzako wakiwa darasani, na hakutaka mtoto wa dada yake aikae miaka aliyoikaa yeye, wala aendelee kulia usiku na mchana kwa maumivu ambayo mjomba wake alijua kwamba yana jambo la kufanyika. Ndipo ikaja Jumamosi ile ya mwezi wa pili, na ule ugomvi tulioanza nao, ambao Shekinah aliusikia wote akiwa amelala sebuleni na chupa ya maji moto mgongoni.

“Haya, maliza,” Mama Victoria alisema. “Lakini nieleze kama unavyoielezea kwaya. Usinieleze kama unavyomweleza Profesa.”

Marehemu alivuta kiti. “Kila seli ina kitabu kizima cha nyimbo,” alisema. “Ya ini inacho, ya jicho inacho, hata ile changa ndani ya uboho wa mfupa, inayokuja kuwa damu, inacho. Kitabu hakitoki sakristia, kile chumba cha nyuma ya madhabahu, yaani kiini cha seli. Kurasa nyingi zimefungwa kwa uzi, hata kwaya ikitaka haizifungui. Namba ikipangwa ubaoni, ukurasa unafunguliwa na nakala inaandikwa kwenye karatasi. Na mwandishi haandiki kila kitu. Leo anachukua ubeti wa kwanza, wa tatu na wa tano, kesho wa kwanza, wa pili na wa tano, wimbo mmoja, ibada mbili tofauti. Karatasi inatoka nje kwa waimbaji, na kile wanachokiimba ndicho protini.”

“Na wakimaliza?”

“Karatasi inachanwa. Isipochanwa watu wataimba Krismasi mpaka Pasaka.”

“Kama ile harusi ya Griffins.”

“Mama Tumpe, tafadhali.”

“Nimenyamaza. Selimundu iko wapi humo?”

“Kuna wimbo mmoja wa damu wenye herufi moja iliyokosewa. Moja tu. Kila karatasi inatoka na kosa hilo, na chembe nyekundu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, ndiyo kulia kule unakokusikia. Sasa sikiliza. Mtoto akiwa tumboni haimbi wimbo huo. Anaimba mwingine, wa damu ya tumboni, na huo hauna kosa. Akishazaliwa, polepole, mwezi baada ya mwezi, namba ya ule wa tumboni inashushwa na huu unapandishwa. Elisifa aliniandikia kwamba Shekinah alikuwa mtoto wa kucheka mpaka miezi minane, ndipo vidole vikavimba. Hakurogwa. Ubao ulibadilishwa.”

Mama Victoria naye alivuta kiti, na Shekinah akakisikia kutoka sebuleni.

“Ule ukurasa wa tumboni ulichanwa?” aliuliza.

“Haukuchanwa! Ndiyo nakwambia. Upo. Umefungwa uzi tu. Hata wewe unao, na mimi, na Mchungaji Zadock anao. Dawa hii inaulegeza uzi, wimbo wa zamani unasikika tena humo humo katikati ya ule mbovu, na chembe hazijikunji kama mwanzo. Inavyolegeza, hata Profesa wangu hajaijua yote, sitakudanganya.”

“Na ikilegeza uzi usiotakiwa? Maana mimi ninawaona, Baba Tumpe. Kule wodini nawaona wanavyoishiwa damu.”

“Kwa kipimo kile cha wodini kwako, labda. Huyu ataanza na kidogo, na damu itapimwa kila mwezi. Ikishuka, tunasimama.”

“Kwa nini hukusema haya mwaka 2019, daktari alipotutajia?”

“Niliogopa,” marehemu alisema. “Nilijiambia, mimi nalisha seli, wewe ndiye nesi. Nikaona nikae kimya kwenye mambo ya hospitali. Mtoto ameumia kwa kimya changu.”

“Na kwa glavu zangu,” Mama Victoria alisema, akachukua simu akampigia Tumpe, ambaye ni mfamasia huko Lakeville, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Tumpe alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba yeye alidhani walishaanza zamani, na kwamba dukani kwake kuna watoto wadogo kuliko Shekinah wanaoitumia. Mama Victoria alikata simu akamwambia mumewe kwamba angekuwa na mume anayesema na binti anayeuliza, wangeokoa miaka minne, kisha akalia, kisha akapika.

Dawa ilianza Jumatatu tarehe 4 Machi 2024. Mama Victoria alivaa glavu, akamimina kidonge kwenye kifuniko, akampa Shekinah pamoja na kikombe cha uji, akasimama pale kumwangalia kama mtu anayesubiri bomu. Halikulipuka. Damu ilipimwa kila mwezi, dawa ikapandishwa kidogo kidogo, mara moja ikasimamishwa kwa wiki mbili kwa sababu chembe nyeupe zilishuka, ikarudishwa, na ile damu ya tumboni iliyokuwa sehemu tano katika mia ikawa tisa, ikawa kumi na nne, na mwezi uliopita ilikuwa ishirini na tatu. Marehemu alibandika kila majibu kwenye mlango wa friji. Tangu Juni 2024 mpaka leo Shekinah amelazwa mara moja tu.

Kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, marehemu alianza kupungua uzito na kulalamika tumbo mwezi wa tatu mwaka huu, na tarehe 11 Aprili 2025 alikutwa na saratani ya kongosho, iliyokuwa imekwishasambaa. Familia inalitaja jina la ugonjwa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo, alisema tumewahi kufiwa na watu wengi mno ambao tuliambiwa tu kwamba waliugua kwa muda mfupi. Alitibiwa kwa miezi mitatu, na mwezi wa saba aliomba kurudi nyumbani, akawekewa kitanda sebuleni karibu na dirisha, na kutoka hapo aliendelea kumfundisha kwa simu Dada Reine, aliyechukua nafasi yake maabara, akimwambia asogeze visahani karibu na kamera ili yeye aone rangi ya maji, na mara nyingine akimwambia, “Hizo zina njaa, mama, usiongee na mimi, lisha.” Hakuwa mtu wa huzuni katika siku hizo. Alikula alichoweza, alisahihisha sauti ya pili ya kwaya kutoka kitandani, na aligombana na mkewe kwa kiasi cha kawaida. Alifariki dunia nyumbani kwake, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Marehemu ameacha mjane, Victoria, binti zake wawili, Tumpe na Shekinah, na kaka mmoja aliyeko Machame, ambaye amekosa viza lakini anatufuatilia kwa simu, na sasa hivi anatusikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, na wale wa kliniki ya selimundu, waliokubali kuulizwa swali moja mara tatu na mtu wa maabara. Majirani wa Burnsville, waliokata majani uani bila kuombwa majira yote ya joto. Wafanyakazi wenzake wa maabara, Profesa na Dada Reine, ambao leo asubuhi wamepita kulisha kwanza ndipo wakaja. Wauguzi wa wodi ya Mama Victoria, waliomshikia zamu. Mchungaji Zadock, Dada Serah na wanakwaya wote. Na kila aliyeleta chakula, maana hadi sasa hatujapika.

Limebaki jambo moja. Jumanne tarehe 2 Septemba, siku nne kabla ya kifo, shule zilifunguliwa, na Shekinah alikuwa amesajiliwa upya, darasa la kumi na moja, baada ya mwaka na miezi minane nyumbani. Mama Victoria alimsuka tangu jana yake. Asubuhi Shekinah alikuja sebuleni na begi, akaliweka chini kando ya kitanda, akasema ataanza wiki ijayo, Mjomba akipata nafuu.

“Mjomba hapati nafuu,” marehemu alimwambia, kwa upole, kama mtu anayetoa majibu ya maabara, “na shule haingoji. Kipindi cha kwanza ni nini?”

“Hesabu.”

“Hesabu! Pole sana,” alisema, na wakacheka wote watatu, mpaka ikabidi Mama Victoria amwinue mto apumue. Kisha basi la shule likasikika kwenye kona. Marehemu alilisogeza begi kwa mkono, likasogea kidogo tu, na Shekinah akalichukua. Mama Victoria alimfungulia mlango. Alifika kizingitini, akageuka, akamtazama mjomba wake kwa muda ambao dereva alipiga honi mara mbili, na alichomwambia ndicho familia yote inachomwambia leo:

“Wewe pumzika, Mjomba. Leo siumwi popote.”